Saba kamili: kisa cha mama wa mahamri na lebo ilosema asubuhi

Katika utafiti wetu wa dawa za presha, chupa ilikuwa yatoka kliniki na vidonge 35 na inatakiwa irudi na 7. Hesabu nyepesi tu, wiki 4 ni siku 28, kidonge 1 kwa siku, hivyo 7 vya ziada ni akiba ikiwa mvua imeziba njia ama mtu amekwama safarini. Mama huyu alirudisha 7 kamili, nesi akahesabu mara mbili, mimi nikaandika kwenye fomu kwamba dawa zimemezwa zote, halafu presha yake ikasoma 172/100 na nikamuongezea dawa. Siku kumi na kitu baadaye alianguka mbele ya karai la mafuta ya moto.

Hiki ndicho kisa ninachotaka kukichambua, na mama mwenyewe ameniruhusu nikieleze bila kumtaja jina. Nimekibeba tangu 2019. Kila nikiwa na madaktari vijana wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa moyo na presha wananiuliza nisome nini, niombe skolashipu wapi, nianze na cheo gani, na mimi kila mara najikuta nawaelezea kuhusu chupa hii.

Kwanza nieleze niliingiaje. Nimezaliwa Majengo, hapa hapa Mombasa, na babangu alipata kiharusi nikiwa fom thrii, akakaa upande mmoja umekufa miaka miwili ndipo akaenda. Presha alikuwa nayo, dawa alikuwa akimeza siku anazojihisi vibaya na siku anazojihisi sawa anaacha, na hakuna mtu alomkalisha chini akamuuliza kwa nini. Nikasoma udaktari, nikafanya intaniship, nikawekwa wadi ya wanawake, na wadi ile ilikuwa imejaa mama zetu wa miaka 50 na 60 wamepooza, wengine figo zimekufa kwa presha wanasubiri mashine ya kusafishia damu. Unamtibu mmoja wanaletwa wawili. Kenya ilipofanya ule uchunguzi wa nchi nzima wa magonjwa yasoambukiza 2015 ilionekana karibu robo ya watu wazima wana presha na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi hata kupimwa, na ukikaa wadi ile wiki moja tu wala huhitaji kuambiwa.

Kilichonipeleka kwenye utafiti ni swali moja dogo, hizi dawa tunazoandika zilijaribiwa kwa nani? Ukifuatilia unakuta tulichokuwa tukikitegemea kuhusu presha ya watu weusi kilitoka kwa kiasi kikubwa Marekani, kwa mfano ule utafiti mkubwa wa ALLHAT ulotoka 2002, watu 33,357, kama theluthi yao watu weusi wa huko. Kazi nzuri sana, lakini yule ni mtu wa Marekani, chakula chake kingine, maisha yake mengine. Halafu nikasoma kazi ya marehemu Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, ule utafiti wa IMPI wa 2014, wagonjwa 1,400 wa kifua kikuu cha utando wa moyo kutoka nchi 8 za Afrika, nikaona kumbe inawezekana, swali likaulizwa hapa na likajibiwa hapa. Na mwezi Machi 2019 ukatoka CREOLE, watu 728 katika nchi 6 za kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, wakalinganisha mchanganyiko wa dawa mbili mbili na ikaonekana ile yenye dawa iitwayo amlodipini ndani yake inashusha presha vizuri zaidi kwa watu wetu. Mimi wakati huo nshaacha wadi, niko kwenye utafiti mwingine wa presha hapa mjini, daktari mdogo wa utafiti, ndugu zangu wananiita daktari wa makaratasi, na nlikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kuwa.

Utafiti wetu ulikuwa hivi. Makundi mawili, kila kundi lina mchanganyiko wake wa dawa za presha, kompyuta ndiyo inayopiga kura nani aende wapi, vidonge vimetengenezwa vikafanana rangi na umbo, mshiriki hajui na mimi sijui. Kila wiki 4 mtu anakuja, anakaa dakika 5 kimya, anapimwa mara tatu, chupa inahesabiwa. Ikiwa presha bado iko juu ya 140/90 anapandishwa hatua ya pili, yaani kipimo kinazidishwa mara mbili. Lebo ya chupa ilikuwa imeandikwa Kiswahili safi: meza kidonge 1 kila siku asubuhi. Protokoli, yaani maandishi ya mpango mzima wa utafiti, iliandikwa mbali huko, ikaja hapa ikatafsiriwa, ikapita kamati ya maadili, ikapita Bodi ya Famasia na Sumu, ikapata leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi. Wote hao wameisoma lebo ile. Na mimi nimeisoma. Mimi Mwislamu wa Mombasa, mtoto wa Majengo, nimelisoma neno asubuhi na nikajua fika utafiti unaanza miezi kabla ya Ramadhani, na sikusema kitu.

Hapo ndipo kosa lilipo na nataka lionekane mapema, kwa sababu kuna watu watasoma kisa hiki wakidhani mkosa ni mama.

Mama alikuwa na miaka 58, mkaazi wa Kisauni, mjane, asubuhi anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake na wakati wa Ramadhani anahamia jioni, bajia, sambusa, kaimati, watu wanapanga foleni kabla ya magharibi. Nduguye wa tumbo moja alikuwa amekufa kwa kiharusi mwaka wa nyuma yake, na hilo ndilo lilomleta kwetu. Alikuja mwanzo wa Aprili, presha 168/98. Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa aliuliza maswali mazuri kuliko mtu yeyote siku ile: damu mnazochukua zaenda wapi, nikitaka kutoka natoka, na nikipata madhara nani atalipa. Nikamjibu yote, nikamwambia ana haki ya kutoka saa yoyote bila kuulizwa na matibabu yake hayataguswa. Akatia sahihi. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nikishatoa ahadi naitimiza."

Wiki 4 baadaye, mwanzo wa Mei, watu wako kwenye simu wanaulizana mwezi umeandama ama bado, mama akaja. Presha 146/88, imeshuka vizuri mno. Chupa ikahesabiwa, vidonge 8. Nesi akamwambia kwa upole kabisa, tena kwa tabasamu, "Mama, umekosa kimoja, ilitakiwa vibaki 7." Mama akasema samahani. Na kwa vile 146 bado iko juu ya 140 kompyuta ilitaka apandishwe hatua, lakini protokoli ilikuwa ikiruhusu daktari asubiri ziara moja ikiwa inashuka, nikasubiri. Tukamtakia funga njema. Akatutakia na sisi. Akaondoka na chupa mpya ya vidonge 35 yenye lebo ya asubuhi.

Dakika ile naikumbuka na inaniuma. Nilikuwa nimeshajipangia mimi mwenyewe Ramadhani yangu, kahawa yangu naihamishia wapi, kazi za kuandika nifanye saa ngapi. Kila mtu mji huu ana ratiba mbili, ya mwezi mtukufu na ya miezi kumi na moja ilobaki, hata shule na ofisi na matatu zinajua. Kitu pekee katika mji mzima ambacho hakikuwa kimejua ni lebo yetu.

Tarehe 3 Juni, mwishoni mwa mfungo, mama akarudi. Amechoka, macho mekundu, nikadhania ni kazi ya jioni na tarawehe na daku. Presha mara ya kwanza 174, ya pili 172, ya tatu 171, namba ya chini kwenye mia. Nikauliza, "Mama, dawa umemeza?" Akasema nimemeza. Nesi akamwaga vidonge kwenye trei, akahesabu, saba. Akasema, "Sawa kabisa mama, safari hii hujakosa hata kimoja." Mama akainamisha kichwa. Nilikiona kile kichwa kikiinama na nikakisoma kama haya ya kusifiwa.

Nikaandika: dawa zimemezwa ipasavyo, presha haijadhibitiwa. Nikabonyeza, kompyuta ikatoa namba ya chupa ya hatua ya pili, kipimo mara mbili. Nikamwambia presha yako imepanda sana mama, hatari, hii dawa mpya usikose hata siku moja. Nikamtisha. Nia ilikuwa njema lakini nilimtisha.

Idi ikaja ikapita. Mama akaanza sita za Shawwal, zile funga sita wengi wetu hufuatisha. Na safari hii kwa woga nilomtia akaamua atameza kila siku bila kukosa, na kwa kuwa asubuhi amefunga akameza daku, na maji kidogo tu kwa sababu alilala akaamka amechelewa. Kidonge cha nguvu mara mbili, kwa mwili ambao kwa karibu mwezi mzima haujaonja dawa ile kabisa. Kisha anaamka alfajiri anakaa mbele ya jiko anakaanga mahamri, jasho lamtoka, maji hanywi mpaka magharibi. Siku ya nne aliinuka kutoka kwenye kibao kwenda kuchukua unga, dunia ikazunguka, akaenda chini. Mkono mmoja ukagonga ukingo wa karai. Akaungua kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko, na mkono mwengine alioangukia ukavunjika kwenye kifundo.

Bintiye alipiga ile namba iloandikwa kwenye kadi ya mshiriki. "Dada daktari, mamangu ameanguka, sijui dawa zenu ama ni nini." Saa moja na nusu asubuhi, niko kwenye matatu daraja la Nyali. Nikashuka nikapanda boda.

Hospitali alipolazwa presha ilikuwa 88/54, na vipimo vya damu vilipotoka sodiamu, yaani chumvi ya damu, ilikuwa chini kuliko inavyotakiwa. Tukasimamisha dawa ya utafiti papo hapo, akawekwa dripu taratibu, mkono ukafungwa plasta, jeraha likasafishwa. Swali la kwanza watu hunihoji hapa ni mbona hukufungua siri ukajua yuko kundi gani. Siri inafunguliwa ikiwa kujua dawa kutabadilisha matibabu ya saa ile, na hapa hakukubadilisha, dawa inasimamishwa vyovyote, maji yanawekwa vyovyote. Ukweli ni kwamba ile sodiamu ilikuwa ishaninong'oneza kuwa mchanganyiko wake una dawa ya kukojoza ndani yake, hilo daktari yeyote angelihisi, lakini kuhisi si kufungua na sikuandika hisia zangu popote.

Jioni ya siku ile ile, binti akaja wadini na mkebe wa biskuti. Akaniita pembeni. "Mama amesema nikupe wewe mwenyewe." Nikafungua, ndani kuna vidonge vyetu, vimefungwa kwenye kitambaa. Nikavihesabu nikiwa nimesimama kwenye korido. 28.

Nilirudi kitandani kwake nikakaa. Sikuuliza kitu. Akaanza mwenyewe. Lebo imesema asubuhi, asubuhi nimefunga. Nikafikiri nimeze usiku lakini nesi alisisitiza siku ya kwanza ni asubuhi, saa mbili, kila siku saa hiyo hiyo, nikaona nikibadilisha nitaharibu huu utafiti wenu na watu watapewa dawa mbaya kwa ajili yangu. Nikaona bora nisimeze kuliko kuharibu. Halafu siku ya kuja kwenu ikakaribia nikakumbuka vile nilivyokosa kimoja tu na mkajua, nikaona haya kuja na chupa imejaa, na pia niliogopa mtanitoa. "Nilikuahidi, mwanangu." Kwa hivyo akahesabu, akaacha 7, vilobaki akavitia kwenye mkebe kwa sababu kutupa dawa aliona ni israfu.

Nimelisikiliza jibu lile kichwani mwangu mara nyingi sana. Mama hakuwa mzembe wala hakuwa hajui. Aliilinda lebo yetu kuliko sisi tulivyoilinda. Na ile namba 7 sisi ndio tulomfundisha, pale nesi aliposema ilitakiwa vibaki 7. Tukimuuliza mtu swali na jibu lake tumempa mapema, basi hatujamuuliza kitu.

Sasa ikaja sehemu ya kuandika, na hapa ndipo kazi ya utafiti inamjua mtu. Mshiriki akilazwa hospitali kwa ajili ya tukio, hilo ni tukio kubwa, na mfadhili anatakiwa apate taarifa ndani ya saa 24. Fomu ina kisanduku kinauliza, je tukio lina uhusiano na dawa ya utafiti? Mkuu mmoja niliyekuwa nikimheshimu, simtaji, aliniambia andika hakuna uhusiano, sababu ni saumu na kutofuata maagizo, mshiriki alidanganya, makosa ni yake, na ukiandika vingine kituo chetu kitasimamishwa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafikiria wafanyakazi wote pale wana familia. Na mimi nlikuwa na langu, nlikuwa nimeomba kwenda kusomea shahada ya uzamili na barua ya kunipendekeza ilikuwa itoke kwenye timu ile ile.

Niliandika upo uhusiano. Niliandika dawa ya kushusha presha, kipimo mara mbili, mtu asokunywa maji, presha 88, huwezi kusema dawa haimo. Na kwenye maelezo nikaandika chanzo: maagizo ya lebo hayawezekani kufuatwa na mshiriki anayefunga, timu ya kituo ilijua na haikusema, mimi nikiwemo. Nikapeleka. Usiku ule sikulala.

Kituo kilisimamishwa kuandikisha watu wapya kwa wiki kadhaa. Monita, yaani mkaguzi wa utafiti, akaja akakaa na mafaili yetu siku tatu. Kamati huru ya usalama ikapelekewa kisa. Hospitali yote ililipwa na bima ya washiriki, ambayo ni sharti kabla ya kuruhusiwa kujaribu dawa kwa watu Kenya, kwa hivyo lile swali la mama la siku ya kwanza, nani atalipa, angalau jibu letu lilikuwa la kweli. Barua yangu ya masomo ilichelewa mwaka mzima. Sitasema ilikuwa rahisi.

Lakini wakati tumesimamishwa nilifanya kitu ambacho ndicho kilonifunza zaidi. Nikatoa rekodi za kuhesabu vidonge za washiriki wote wanaofunga, nikazipanga kabla ya Ramadhani na wakati wa Ramadhani. Kabla, namba zilikuwa za watu: 5, 9, 8, 6, 11, 7, 10. Mtu hukosa siku, mtu humeza mara mbili kwa kusahau, kidonge huanguka kwenye sinki. Ziara za Ramadhani zikawa saba, saba, nane, saba, saba, saba. Tulikuwa tumezisherehekea namba zile! Tulisema Ramadhani imeleta nidhamu. Namba ikiwa safi kupita kiasi ndiyo ya kuitazama mara mbili, mtu halisi harudi na saba kamili kila mara. Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja, nikiwaanzia na kisa cha kosa letu kwanza, tumekosea lebo, samahani, hebu nambie wewe Ramadhani ulifanyaje. Si wote, lakini walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Mmoja alimeza futari ilhali nyumba nzima inamkataza, mmoja alimeza siku moja moja, mzee mmoja wa Likoni alivimeza vyote vitatu vya siku tatu kwa pamoja ijumaa ili alipe deni.

Na fikiria lau mama hangeanguka. Ile 172/100 ingeingia kwenye data kama dawa imeshindwa. Wasomaji wangekaa mbali huko waseme mchanganyiko huu haufanyi kazi vizuri kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, na pengine mtu angetafuta sababu kwenye jeni zetu.

Kuna waliouliza, basi si umtoe mama kwenye hesabu, kwani hakumeza. Hapana, na hii ni moja ya vitu vya kwanza mtafiti kijana anatakiwa azielewe mpaka kwenye mifupa. Mshiriki anahesabiwa kwenye kundi alilopangiwa na kura, amemeza ama hajameza. Kuna utafiti wa zamani Marekani wa watu walokuwa wameshapata mshtuko wa moyo, Coronary Drug Project, matokeo yake ya 1980 kila mwanafunzi wangu anayasoma. Kwenye kundi la vidonge bandia, vidonge visivyo na dawa yoyote, walomeza vizuri walikufa asilimia 15.1 ndani ya miaka 5, na walokuwa wakikosa kosa walikufa kama asilimia 28. Kidonge bandia hakiokoi mtu. Ni kwamba anayeweza kumeza kila siku ana maisha mengine, ana chakula, ana mtu wa kumkumbusha, hana aibu, hana mambo ya kuficha. Ukiwatoa wasomeza unabaki na watu wenye bahati na unaita bahati yao dawa. Mama alibaki kwenye kundi lake na vidonge vyake 28 vya mkebe viliandikwa kama vilivyo.

Kuhusu lenyewe neno asubuhi. Wakati ule tulikuwa tukibishana sana kama dawa za presha zimezwe asubuhi ama usiku, na 2022 ukatoka utafiti wa Uingereza uitwao TIME, watu 21,104, nusu asubuhi nusu jioni, na mwisho wake mshtuko wa moyo na kiharusi havikutofautiana. Kwa hivyo asubuhi ya lebo yetu haikuwa na uzito huo tuloipa, iliwekwa kwa sababu ni rahisi kukumbuka, kwa mtu anayekunywa chai asubuhi. Ila msidhani kuhamisha tu saa ndiyo dawa, kuna mambo. Ukimwambia mtu ameze futari na kidonge kina dawa ya kukojoza, atakuwa tarawehe rakaa ya sita mkojo unambana na udhu unatoka, ataacha kidonge kabla hajaacha tarawehe, hilo nawahakikishia. Ukimwambia daku, anakojoa maji aloyanywa halafu anafunga saa 13 na zaidi bila tone. Tulochagua mwisho ni baada ya tarawehe kabla ya kulala, mtu akubali kuamka usiku mara moja, na wenye figo dhaifu ama walowahi kuzimia tunakaa nao kabla ya Shaaban kuisha tuzungumze kama funga yenyewe wanaiweza. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, imo kwenye Qur'ani sura ya Baqara, lakini maneno hayo mama wa miaka 58 hayapokei kwa daktari peke yake, kwa hivyo tulimuomba imamu wa mtaa aje akae nasi kwenye kikao cha washiriki na akayasema yeye.

Lebo mpya ilipita kamati ya maadili: meza kidonge 1 kila siku, saa uliyokubaliana na kliniki, na mstari wa pili, ukitaka kubadilisha saa piga namba hii. Nesi tukakubaliana asiseme sawa wala vibaya akihesabu, na asitaje namba inayotakiwa. Swali nalo likabadilika, hatuulizi tena umemeza. Tunauliza, "Watu wengi hukosa, wewe mwezi huu umekosa vingapi na ilikuwaje?" halafu tunanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, madaktari tuna haraka. Na nauli inatolewa mwanzo, mlangoni, kabla chupa haijafunguliwa, mtu asidhani ananunua kwa namba nzuri. Vitu vidogo kabisa hivi, na mimi leo nikipewa protokoli ya mamilioni ya shilingi nasoma lebo kwanza kabla ya kusoma hesabu za takwimu.

Mama alikaa wadini siku sita. Mkono ulopona kutoka plasta ulibaki mgumu kidogo, ule wa moto una kovu linalong'aa. Nilimwambia tena kwamba ana haki ya kutoka. Akaomba siku mbili, akaja na binti yake, akasema anabaki ila vipimo vyake nivieleze kwa binti pia. Akarudishwa kwa kipimo kidogo, hatua ya kwanza, saa tatu usiku.

Ziara yake ya mwisho na sisi ilikuwa wiki mbili kabla ya Ramadhani ilofuata. Presha 134/82. Aliiweka chupa juu ya meza mwenyewe na kabla nesi hajaigusa akasema, "Humo mna kumi na moja." Kisha akaanza kunihesabia kwa vidole vya mkono wenye kovu, vitatu aliviacha alipokwenda Lamu maziko, akasahau chupa nyumbani, kimoja kilimtumbukia kwenye unga na akautupa unga wote, na kimoja, akasita, alikiacha makusudi kwa sababu siku ile alijihisi kizunguzungu akaogopa. Kwenye fomu kuna nafasi ya namba peke yake. Nikaandika 11, nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yote alonambia.